Stafeli la Harusi ya Riziki

Mwamini mwanangu,

Umekwenda shambani kuwaaga wajomba zako, na najua hawatakuachilia mpaka wakulishe. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimefunga mlango wa mbele na nimemwambia baba yako kwamba mtu akija dukani kuniulizia, aseme nimelala. Mimi kulala mchana! Alinitazama, akaenda zake dukani.

Mara tatu wiki hii nimetaka kukuambia haya kwa mdomo. Mara ya kwanza ulikuwa unasukwa nywele, nikaona aibu mbele ya msusi. Mara ya pili tulikuwa wawili tu jikoni, nikaanza, "Mwamini, unajua…" ukanigeukia na macho yako yale, nikamalizia kwa habari ya koti la mvua. Mara ya tatu sikuanza kabisa. Sasa koti la mvua umeshalifunga, sufuria umefunga, namba za watu wa Kabambare unazo, na jina la dereva wa pikipiki tunalijua, na la baba yake pia. Hayo sitayarudia. Ninayoandika ni yale ambayo ulimi umekataa.

Ninaogopa, mama. Baba yako anasema ninaogopa njia, na kweli ninaiogopa, ile miti miwili wanayoiita daraja, na tope la baada ya mvua ambapo abiria anashuka na kusukuma. Naogopa pia habari zinazotoka kwenye machimbo ya Salamabila, huko mnakokwenda kuuza kinywaji chenu, leo watu wametulia, kesho watu wamekimbia. Lakini hofu hizo ninagawana na kila mama wa Kasongo aliye na mtoto barabarani. Hofu yangu ya peke yangu iliingia Jumamosi iliyopita, pale rafiki yako Nyota alipokuja na ile mashine ya kusagia matunda aliyonunua, mkaiweka juu ya meza, mkawa mnaizunguka kama watu walioletewa mtoto mchanga. Nilikuwa nje ninaanua nguo. Nikamsikia Nyota akisema, "Na hii hatutateswa tena na kutoa mbegu moja moja. Tunatupa yote ndani, tunasaga, tunachuja, imekwisha." Na wewe ukacheka. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulicheka tu.

Nilishika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Nikaingia ndani nikasema kwa ukali kwamba mbegu za stafeli hazisagwi, zinatolewa kwa vidole, mashine au si mashine. Mlishtuka. Nyota akasema, "Sawa mama, tulikuwa tunaongea tu." Na jioni ukaniuliza kwa nini nilikasirika vile kwa kitu kidogo. Nikasema kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuwa kinaniuma. Hii ndiyo sababu.

Ulikuwa na miaka mitano wakati shangazi yako Riziki alipoolewa. Hukumbuki harusi, unakumbuka tu kwamba ulipewa viatu vyeupe. Mimi nilikuwa mkamwana wa nyumba hii kwa miaka saba, na katika miaka hiyo saba sikuacha hata siku moja kujisikia mgeni. Wao ni watu wa mji, babu zao walikuwa wakifanya biashara hapa kabla barabara hazijawepo. Mimi nilitoka kwa watu wa jembe, nikaja na lugha yangu ya Kizimba mdomoni na mikono yenye ngozi ngumu. Hakuna aliyenitukana. Bibi yako, mama yake baba yako, alinifundisha kila kitu kwa upole, na hasa alinifundisha stafeli, lile tunda ambalo wenzako shuleni walikuwa wakiliita kerdebefu kwa Kifaransa chao. Mti ulikuwa nyuma ya nyumba, ulikatika kabla hujafika darasa la tatu. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipanga kwetu alituambia kwamba tunda hilo asili yake ni Amerika ya Kusini. Bibi yako akamjibu, "Basi limetembea kama sisi."

Ulivyofundishwa na mimi ndivyo alivyonifundisha. Tunda lichumwe likiwa limeanza kufifia rangi, lilazwe ndani ya gunia siku tatu au nne mpaka kidole gumba kizame bila kulazimishwa. Limenywe kwa mkono, moyo wake utupwe, nyama ivurugwe taratibu ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na mbegu zitolewe, moja, moja, moja. Maziwa ya unga yakorogwe pembeni yasiwe na madonge, ndipo yaingie. Sukari, chumvi kidogo mno, kungumanga. Ikiwa sawa inakuwa nzito na laini, inashika kijiko, na mtu akinywa ananyamaza kwanza kabla ya kusifu. Bibi yako alikuwa akiangalia ule unyamavu. Akisikia mtu anasifu haraka, alikuwa anasema, "Huyu ana adabu tu."

Harusi ilipokaribia, aliniita na kusema, "Kinywaji cha wanawake ni juu yako." Si juu ya binti zake, si juu ya mashangazi. Juu yangu. Wageni walikuwa wanatoka Kabambare, ukoo mzima wa bwana harusi, na bibi yake mzee ambaye bila ruhusa yake hakuna kitu kilichofanyika kwao.

Wiki ile, Mwamini, nilikuwa nashonesha nguo. Hapa ningetaka kukuandikia kwamba nilikuwa mgonjwa au kwamba nilikuwa nakulea wewe ukiwa na homa. Hapana. Nilikuwa kwa fundi. Nilitaka mikono ya gauni isimame mabegani kama ya wanawake wa mjini, na fundi alikosea mara mbili, na mara mbili nilikaa pale kwenye benchi lake kutwa nzima nikimsimamia. Matunda niliyachuma siku mbili tu kabla ya harusi. Nikajiambia jua ni kali, yataiva.

Hayakuiva. Asubuhi ya harusi nilifungua gunia, nikabonyeza la kwanza, likanibonyeza mimi. Katika matunda kumi na nane, labda matano yalikuwa tayari.

Aliyekuja kunisaidia alikuwa jirani yetu, Yaya Feza, niliyemwita Yaya kama dada yangu mkubwa. Alikuwa mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, akikaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba yake na kuuza asubuhi. Wewe ulikuwa ukienda kwake ukipiga kelele "Yaya Feza, wa kuungua!" kwa sababu uliupenda ule ulioungua kidogo. Mume wake alikufa ghafla miaka miwili kabla, jioni, baada ya kula. Unajua jinsi watu walivyo. Hawakusema kitu mbele yake, lakini walikisema.

Yaya Feza aliyatazama matunda, akatikisa kichwa.

"Mama Mwamini, haya hayajaiva. Tengeneza kidogo kwa haya tano, wengine wapewe chai."

"Chai? Watu wametoka Kabambare na pikipiki, niwape chai?"

"Chai haiue mutu."

Nikachukua kinu. Nyama ilikuwa imeshikana na mbegu, vidole havikuweza kuitenganisha, nikatumbukiza vyote na kuanza kutwanga. Yaya Feza alinishika mkono.

"Dada, mbegu! Unapasua mbegu. Hizi tunasaga tunapakaa kuku ya chawa, chawa wanakufa. Unataka kuzitia mu tumbo ya watu?"

"Nitachuja."

"Kuchuja hakuondoshe kila kitu."

"Yaya, tafazali. Wageni wako mu njia. Nisaidie au uniache."

Akaniachia mkono. Hakuondoka. Alichemsha maji, akakoroga maziwa, akashika kitambaa upande mmoja nami upande mwingine tukachuja. Nilionja. Kulikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Nikaongeza sukari mpaka uchungu ukajificha, na kungumanga nyingi. Weupe wake ulikuwa mzuri. Nikavaa gauni langu.

Wageni walifika mapema kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha siku nne. Bibi mzee wa Kabambare aliketi kwenye mkeka wa katikati, akanywa, akanyamaza, kisha akasema, "Nani alitengeneza hii?" Bibi yako akanionyesha kwa kidevu. Mzee akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, gauni lote, akasema, "Niongezee." Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe. Hata siku uliyozaliwa furaha ilikuwa na maumivu ndani yake. Ile haikuwa na maumivu hata kidogo.

Haikupita saa moja. Mwanamke mmoja alitoka nje mbio akishika mdomo. Halafu mwingine. Halafu bibi mzee akainama pale pale mkekani, akatapika juu ya nguo zake, akaanza kutetemeka, na macho yake yakawa meupe. Wanawake wanane, Mwamini. Ngoma ikanyamaza. Na katika ule ukimya mtu mmoja, sikumjua ni nani, akapiga kelele: "Sumu! Wametupatia sumu!"

Hujawahi kuona neno hilo likiingia ndani ya nyumba iliyojaa watu. Mimi nimeliona. Wanaume waliingia upande wa wanawake bila hodi. Wakambeba mzee kumpeleka kwa waganga wa hospitali, na mjomba mmoja wa bwana harusi akasimama mlangoni akauliza, "Nani alitengeneza ile kinywaji?"

Watu wote walikuwa wameshasikia kwamba ni mimi. Bibi yako alikuwa amenionyesha kwa kidevu mbele yao. Kilichobaki kilikuwa ni mimi kusema, "Ni mimi, nilitwanga mbegu, mwambieni daktari." Maneno sita. Nilifungua mdomo, na nikasema:

"Tulitengeneza na Yaya Feza."

Ni kweli, unaona? Hakuna uongo ndani yake. Alishika kitambaa. Alikoroga maziwa. Lakini nilisikia jinsi chumba kilivyogeuka. Vichwa vyote vilitoka kwangu vikaenda kwake, mjane ambaye mume wake alikufa baada ya kula. Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi. Akasema polepole, kama mtu anayemkumbusha mtoto shairi alilolisahau:

"Mama Mwamini. Sema vile tulifanya."

Nikatazama mikono ya gauni langu.

Hakuna aliyekufa. Hilo nilimwomba Mungu siku tatu bila kula na alinipa. Bibi mzee alilala hospitali siku tatu, akarudi Kabambare amekonda. Wengine walipona jioni ile ile. Riziki aliolewa, lakini aliingia kwa watu kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye moshi.

Lakini siku ya pili hakuna aliyenunua mikate ya Yaya Feza. Siku ya tatu mawe yalianza kudondoka juu ya bati lake, mchana kweupe, na waliorusha walikuwa watu wanaosalimiana naye kila siku. Siku ya tano alifunga vitu vyake kwa vitambaa viwili, akapanda pikipiki kwenda Kabambare kwa kaka yake. Nilimwona nikiwa nyuma ya pazia. Hakutazama upande wetu.

Na siku hiyo hiyo bibi yako aliniita nyuma ya nyumba, mahali nilipomwaga makapi. Alikuwa na kijiti, anachokoa.

"Hii ni nini?"

Vipande vyeusi vya mbegu, vimepasuka, ndani vyeupe.

"Mbegu, mama."

"Ulitwanga."

"Ndiyo, mama. Njo vile."

"Nani anajua?"

"Yaya Feza."

Alifikiri. Alikuwa mwanamke mwema, Mwamini, usimchukie kaburini. Alifikiria binti yake aliyekuwa na siku tano tu katika ndoa. Akasema, "Feza ameshaondoka." Akaenda jikoni akarudi na majivu, akafunika yale makapi, akakanyaga kwa mguu. Hatukuliongea tena jambo hilo.

Nataka ujue kitu ambacho hata baba yako sikumwambia. Majivu yale yalinipa raha. Nilikwenda ndani nikalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu harusi. Watu husema ukifanya ubaya roho inakusumbua. Yangu haikunisumbua. Ilikaa kimya karibu miaka miwili, nikala, nikacheka, nikavaa lile gauni sikukuu mbili za Idi. Ndiyo maana siiamini roho kunikumbusha kitu, na usiitegemee ya kwako.

Aliyenikumbusha ulikuwa wewe.

Ulikuwa na miaka saba. Mlikuwa mnacheza nje, wewe na watoto wa jirani, na mimi nilikuwa mlangoni ninachambua mchele. Mtoto mmoja alijifunika kitambaa kichwani, akawa anatembea ameinama na kikombe cha bati mkononi akisema, "Karibuni munywe, karibuni munywe." Na nyinyi wengine mkawa mnaimba wimbo, maneno yake sitayaandika, jina la Feza lilikuwa ndani yake, na mlikuwa mnamrushia maganda ya karanga na vijiwe. Wewe ulirusha kwa nguvu kuliko wote. Ulikuwa unacheka. Nikakuita, nikakuuliza, "Unamjua Yaya Feza ni nani?" Ukanijibu, "Ni yule mwenye sumu." Ulikuwa umesahau mikate yake. Ulikuwa umekula mkononi mwake karibu kila asubuhi ya utoto wako, na ulikuwa umesahau.

Mchele nikauacha pale pale, kuku wakaula.

Nilimwambia baba yako kabla jua halijazama. Alikuwa anafunga duka. Alisikiliza yote akiwa ameshika kufuli. Mwisho aliuliza kitu kimoja tu: "Na mama anajua?" Nikasema anajua. Akakaa juu ya gunia la chumvi. Niliona kwamba nilikuwa nimemvunjia watu wawili kwa siku moja. Asubuhi alinitafutia pikipiki mwenyewe. Hakuja nami. Alisema, "Ulisema peke yako, urudishe peke yako."

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilifika Kabambare matope hadi kiunoni. Nilimkuta Yaya Feza kwa kaka yake, amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo. Alikuwa amezeeka. Hakuinuka, wala hakunifukuza. Nikapiga magoti kwenye maganda nikaanza maneno yangu yote, nikalia, nikasema kosa ni langu, mbegu nilitwanga mimi, alinikataza nikakataa. Alimaliza muhogo aliokuwa ameshika, akachukua mwingine.

"Umetoka Kasongo kuja kuniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwepo. Mimi najua. Nenda uambie wale hawajui."

"Nitawaambia, Yaya. Nikirudi…"

"Bibi muzee wa ile harusi, ule alitapika, iko hapa. Nyumba yake, unapita soko, unageuka."

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya msamaha, na sikuwa nimejitayarisha kwa mzee yule. Nikabaki nimepiga magoti kwenye maganda. Yaya Feza aliweka kisu chini, akajifunga kitambaa, akasema, "Twende basi." Tukapita sokoni, mimi mbele yeye nyuma, na watu walikuwa wanampisha njia, si kwa heshima. Mwanamke mmoja alivuta ndoo yake ya maji karibu na miguu yake tulipopita. Hapo ndipo nilipoelewa miaka miwili yake, kwa ile ndoo.

Bibi mzee alikuwa uani pamoja na wakwe zake, na Riziki alikuwepo, ana mimba. Yaya Feza alibaki kwenye lango. Mimi nikaingia nikasema. Safari hii sikulia, kwa sababu niliona kwamba nikilia watanionea huruma kabla sijamaliza. Nilisema matunda hayakuiva kwa sababu nilikuwa kwa fundi. Nilisema nilitwanga. Nilisema nilionja uchungu nikaufunika na sukari. Nilisema mjomba wao alipouliza, nilimtia Feza katikati.

Mzee aliniuliza, "Ulitaka kuniua?"

"Hapana, Bibi."

"Ulitaka nini?"

Nikasema, "Nilitaka nionekane."

Alinitazama, kisha akatazama langoni. "Na wewe," akamwambia Yaya Feza, "miaka hii miwili unakaa hapa karibu na mimi, kwa nini hukuja kusema?"

"Ningesema nini, Bibi?" Yaya Feza akajibu. "Nani angekunywa maneno yangu?"

Mzee aliagiza aletewe maji. Akampa Yaya Feza kikombe, naye akanywa nusu, na mzee akachukua kile kikombe mkononi mwake akamalizia iliyobaki, mbele ya wote. Mimi sikupewa, na sikustahili. Riziki aliinuka akaingia ndani. Hakuzungumza nami miaka mitatu.

Nilirudi Kasongo nikapita mlango kwa mlango, kwa sababu uongo nao ulikuwa umepita mlango kwa mlango. Na hapa ndipo niliposhindwa, mwanangu. Wapo walionisikiliza wakanitukana, hao walikuwa afadhali. Wapo waliosema, "Ulifanya vizuri kusema," kisha wakaacha kunywa kitu chochote mkononi mwangu kwa mwaka mzima. Lakini wengi, wengi kuliko nilivyofikiri, walinitazama kwa huruma na kusema, "Masikini, Feza amekuloga mpaka unabeba zambi yake." Nikaapa. Walitikisa vichwa. Mpaka leo nyumba tatu mtaani hapa ukitaja jina lake wanashika watoto wao. Ningesema siku ile ile mlangoni, ingekuwa habari ya mkamwana mvivu na matunda mabichi, watu wangecheka Idi mbili wakasahau. Nilichelewa miaka miwili, na kitu kile kikawa na mizizi ambayo mikono yangu haiwezi kuing'oa. Hakurudi kuishi Kasongo. Nilimsihi. Alisema, "Nirudi kwa nani?"

Sasa unaelewa kwa nini nilishika kamba ya nguo.

Unakwenda kutengeneza kinywaji hiki mahali ambapo watu wametoka kila upande, hawajuani, wamechoka, wana hasira. Mmoja atakunywa kwako baada ya kunywa pombe mbaya kwa mwingine, ataanguka, na watauliza ni nani. Labda halitatokea. Labda litatokea kwa kosa lako kweli, siku ya maji ambayo hayakuchemka au tunda lililozidi. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu na kuliko ya bibi yako, nimekuona unavyotoa mbegu ukiongea bila kutazama. Lakini utachoka, kila mtu anachoka. Na pembeni yako atakuwa Nyota, ambaye ni wa mbali, ambaye hana kaka Salamabila, ambaye ni rahisi kumtaja.

Hofu yangu yote iko hapo, katika ile pumzi moja kati ya swali na jibu. Mwezi uliopita nilikuta kifuniko cha birika kimepasuka, nikakuuliza, ukasema, "Kilianguka." Kana kwamba kilikuwa na miguu. Nikacheka nawe, lakini nilikwenda kukaa chooni peke yangu, kwa sababu niliisikia sauti yangu mwenyewe. Labda nakuonea. Labda ni kifuniko tu. Mama mwenye kidonda anaona kidonda kila mahali. Kama nakuonea, nisamehe, ukiniandikia uniambie, "Mama, ulinionea," nitafurahi sana kukosea.

Sikuambii uwe mtu mwema kuliko mimi. Sijui mtu anakuwaje mwema. Ninachojua ni kwamba siku ile sikuwa na nia mbaya hata kidogo, na nilimfukuza mwanamke kwenye nyumba yake.

Nimesikia mbuzi wa jirani wanarudi, nawe hutakawia. Kimebaki kitu kimoja ambacho sikukuambia.

Juzi nilimpigia simu Yaya Feza. Tunaongea mara mbili tatu kwa mwaka, maneno machache, hali, mvua, vifo. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe na nimeacha kungoja. Nilimwambia kwamba mtoto wangu atapita Kabambare na hana mahali pa kulala kabla ya kuendelea Salamabila, maana kwa Riziki nyumba imejaa wagonjwa. Sikuomba. Nilisema tu.

Nikadhani mtandao umekatika.

Kisha akasema, "Yule wa mikate ya kuungua?"

Nikasema ndiye.

"Anajua?"

Nikasema, "Atajua kabla ya kufika." Ndipo nikajua kwamba lazima niandike.

Akasema, "Aje. Nitamutengenezea stafeli, muti wa hapa umezaa. Kama anajua na anakunywa, atalala kwangu."

Kwa hiyo kesho, mama, mtafika mchana kama Mungu akipenda, na mwanamke mzee atatoka nje na kikombe, na majirani zake watakuwa wanatazama. Utakuwa umechoka, una vumbi, una njaa. Sitakuwepo. Usitazame chini, usitazame nguo zako. Mtazame yeye, umwite Yaya Feza kwa sauti ambayo uani wote watasikia, kisha unywe.

Mimi mama yako,
ninayekuogopea.